Chama Hakina Budi Kuwa na Masikio

Yafuatayo ni maneno yaliyosemwa na mmoja wa wakufunzi wa Chama mbele ya makatibu wa matawi. Tumeyachapa karibu yote, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni watu wa matawini.



Nimeombwa niseme juu ya namna chama kinavyojifunza kubadilika wakati mambo yanapobadilika. Jambo hili lina vitabu vyake, na mabwana wa vyuo wana maneno yao makubwa juu yake. Mimi sitayatumia, maana tunacho chama ambacho habari zake twazijua. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ikaungana na Afro-Shirazi Party tarehe 5 Februari 1977. Katika muda huo mfupi ilibadili njia zake mara nyingi. Mara nyingine ilibadili kwa akili sana, na mara nyingine ilikosea, tena vibaya. Nataka tutazame nyakati chache tu, na kila mara tuulize swali moja: habari ililetwa na nani, na nani aliisikia?

Tuanze kabla ya TANU. African Association ilianzishwa mwaka 1929, na mwaka 1948 ikaitwa Tanganyika African Association. Kilikuwa chama cha heshima. Wengi wa viongozi wake walikuwa makarani, waalimu na watumishi wa Serikali, watu wenye kalamu. Walikutana, walijadili, waliandika barua kwa Gavana kwa Kiingereza kizuri, na Gavana alizipokea. Mwaka 1953 mambo mawili yalitokea. Mwalimu Julius Nyerere alichaguliwa kuwa Rais wa chama hicho, na Serikali ya kikoloni ikapiga marufuku watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa.

Fikirini hesabu aliyoipiga mkoloni. Alitazama chama, akaona kimejengwa juu ya watu wanaolipwa mshahara na Serikali. Akasema, nikiwaondoa hao kitabaki nini? Na hesabu yake ilikuwa sawa kabisa kwa chama kile alichokiona. Kosa lake ni kwamba alidhani chama kitabaki vile vile.

TANU ilipoanza mwaka uliofuata, ilijikuta imelazimika kuwatafuta wale wasiokuwa na tajiri wa kumwogopa: mkulima, mchuuzi, mwenye kiduka, dereva, fundi. Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu kule Pugu, na mwaka 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa huko New York, ilimpasa achague. Aliacha kazi. Basi marufuku ile, ambayo ilikusudiwa kuua, ndiyo iliyokifukuza chama kutoka katika chumba cha makarani na kukipeleka sokoni.

Lakini hata hapo chama hakikuona kila kitu. Mwaka ule ule wa 1955 alikuja mgeni, Bwana John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza. Alipoona mkutano akauliza: akina mama wako wapi? Swali dogo la mgeni. Wazee wangeweza kukasirika, wakasema huyu Mzungu hajui desturi zetu. Badala yake walikwenda kumtafuta Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa ngoma za mjini. Bibi Titi hakuanza kwa kuandika barua wala kufungua ofisi. Alikwenda katika vikundi vya ngoma, maana akina mama wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kujipanga zamani. Walikuwa na viongozi wao, michango yao na sare zao. Kilichokosekana ni chama kuwaona tu. Upesi sana wakawa ndio nguvu ya mikutano, na ndio waliouza kadi.

Nasema jambo hili kwa sababu leo tunapenda kusema kwamba watu fulani "hawajaamka". Ni vizuri kuuliza kwanza kama si sisi tuliolala.

Sasa nifike Tabora, na hapa nitakaa kidogo.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Jambo lililokuwa mbele ya wajumbe lilikuwa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Serikali ilikuwa imeweka masharti machungu. Mtu hakuweza kupiga kura mpaka awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na elimu ya kiasi fulani, au cheo fulani. Waafrika wengi mno walitupwa nje hapo hapo. Na yule aliyepata kura hakuruhusiwa kumchagua mtu mmoja anayemtaka. Ilimlazimu apige kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Asipozipiga zote tatu, kura yake ni bure. Hii ndiyo iliyoitwa kura tatu. Waasia na Wazungu walikuwa wachache sana katika nchi, lakini kila kabila la rangi lilipewa viti sawa sawa.

Wajumbe walikwenda Tabora wamekasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. TANU ilikuwa imefundisha nchi nzima kwamba mtu mmoja ni kura moja na kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi. Sasa viongozi waseme nini? Waseme tuingie katika uchaguzi wa kibaguzi? Kususa kulionekana ndiyo njia ya heshima. Kususa kulikuwa ndiyo silaha waliyoizoea.

Nyerere alisimama akasema tuingie. Hoja yake haikuwa ngumu. Kulikuwa na chama kingine, United Tanganyika Party, kilichoanzishwa mwaka 1956 na kupendwa na Serikali. TANU ikisusa, viti vyote vitakwenda kwa UTP, na Gavana ataiambia dunia kwamba hao ndio wawakilishi wa Tanganyika. Masharti ni mabaya, lakini adui anatuomba tusije. Kwa nini tumpe anachokiomba?

Msifikiri ilikuwa rahisi. Mjadala ulikuwa mkali, na chama kingeweza kuvunjika. Bwana Zuberi Mtemvu, mtu aliyeifanyia TANU kazi kubwa, alitoka akaanzisha African National Congress. Lakini wengi walikubali, na hatua ile ikaja kuitwa Uamuzi wa Busara.

Tazameni sasa walivyofanya, maana watu hutaja uamuzi wakasahau kazi. Kwa kuwa sheria ilimlazimisha Mwafrika ampigie kura Mwasia na Mzungu, TANU iliwatafuta Waasia na Wazungu wanaokubali siasa yake, ikawaunga mkono: watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Marion Chesham. Kisha ikawafundisha wapiga kura wake kutumia zile kura tatu. Uchaguzi ulifanywa mara mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Mtego wa kura tatu ulimnasa aliyeutega, na UTP haikuinuka tena. Agosti 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapandishwa.

Sasa, nini kilichobadilika Tabora, na nini hakikubadilika? Lengo halikubadilika hata kidogo. Mtu mmoja kura moja ilibaki pale pale. Kilichobadilika ni njia. Chama kisichojua kutenganisha lengo na njia kina hatari mbili. Kitaacha lengo kikidhani kinabadili njia, na huo ni usaliti. Au kitang'ang'ania njia kikidhani kinalinda lengo, na huo ni upumbavu. Kosa la pili ni baya zaidi kwa namna moja, maana anayelifanya hujiona shujaa.

Na mwone tena: lingewezekanaje jambo lile kama wajumbe wasingesema hasira zao waziwazi? Nyerere hakutoa amri kutoka Dar es Salaam. Alikwenda, akasikia, akajibu, akashindana kwa hoja mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumkatalia. Ndiyo sababu waliporudi majimboni walijua kueleza. Mtu aliyeamriwa hupeleka amri. Ukimwuliza kwa nini, hana jibu. Aliyeshindwa kwa hoja hupeleka hoja.

Baada ya uhuru likaja tatizo ambalo hakuna aliyelitazamia vizuri: ushindi. Wale makatibu hodari waliojua kila kijiji wakawa mawaziri, mabalozi wa nje, wakuu wa mikoa. Ofisi za Chama zikabaki na viti na picha ukutani. Na watu wakaanza kuuliza, uhuru tumekwisha pata, ada ya nini tena? Hawakuwa watu wabaya. Waliuliza swali la haki. Chama kilichojengwa kwa ajili ya kumwondoa Gavana kinafanya nini Gavana akiondoka?

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga Chama. Magazeti ya nje yalishangaa. Kuna mtu gani anayepigania nchi miaka yote hiyo halafu anaacha kiti kabla hakijapata joto? Lakini alikuwa amesikia jambo. Alisikia kwamba Serikali imeanza kutembea na Chama kimekaa. Mwaka ule alizunguka nchi, akaandika juu ya Ujamaa. Mwaka 1963 TANU ikafungua mlango wa uanachama kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo miaka mitano nyuma lingeleta fujo mkutanoni.

Kisha mwaka 1965. Nchi ilikuwa na chama kimoja kwa sheria. Hatari yake kila mtu aliijua: mgombea mmoja, chama kimoja, mwananchi atafanya nini ila kupiga makofi? TANU ikabuni njia yake yenyewe. Karibu katika kila jimbo wagombea wawili wa chama hicho hicho walisimama mbele ya watu, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Walikwenda kwenye mikutano pamoja. Walikatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na walisema kwa Kiswahili tu. Septemba ile watu walichagua kweli kweli. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mtu aliyewajengea wakulima wa pamba ushirika mkubwa kule Ziwa, alishindwa. Hakuna aliyemwambia mwananchi kwamba amekosea.

Nataka muweke kando ya mwaka huo huo habari ya Ghana, na naisema kwa heshima, maana Ghana ilitutangulia na Nkrumah alikuwa kaka yetu sote. Convention People's Party ilianzishwa mwaka 1949, ikashinda uchaguzi wa 1951 kiongozi wake akiwa gerezani. Chama kilichopendwa namna gani! Lakini mwaka 1965, mwaka ule wa jembe na nyumba, uchaguzi wa Ghana haukupigwa kura. Wagombea wote wa chama walitangazwa kuwa wamepita bila kupingwa. Miezi minane hivi baadaye, tarehe 24 Februari 1966, Nkrumah akiwa safarini Asia, wanajeshi na polisi walichukua nchi. Walinzi wa Rais walipigana kwenye Flagstaff House. Chama hakikupigana. Matawi yote yale, kadi zote zile, na hakikusimama kumtetea mwanzilishi wake, na mjini Accra watu wengi walicheza barabarani. Wapo wanaosema mikono ya nje ilikuwamo, na mimi sibishi. Lakini mkono wa nje hauwezi kukifanya chama chenye uhai kinyamaze siku moja. Kilikuwa kimekwisha kunyamaza zamani, ila ripoti zilisema kinaimba.

Ndugu zangu, ingekuwa vyema nikome hapo na kusema sisi tulikuwa wenye busara. Isingekuwa kweli.

TANU ilikuwa imebuni mashina ya nyumba kumi kumi, kuanzia mwaka 1964. Lilikuwa wazo zuri sana. Kila nyumba kumi zina balozi wao, na balozi ana njia mbili: anashusha maneno ya Chama na anapandisha maneno ya watu. Njia ya kushuka ilifanya kazi vizuri. Ile ya kupanda iliota majani.

Kule Ruvuma, vijana wa TANU Youth League walikuwa wameanza kijiji cha Litowa tangu mwaka 1960, kabla Azimio la Arusha halijaandikwa. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao, wakajifunza kwa makosa yao, na vijiji vingine vikawafuata mpaka vikafika kumi na saba hivi, vyote katika Ruvuma Development Association. Nyerere mwenyewe alivisifu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Hapo tulikuwa na shule ya ujamaa iliyo hai, yenye watu waliokwisha kujua ni nini kinachowezekana na ni nini kisichowezekana, nasi tukaifunga mlango. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ikatoka amri kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mkulima awe kijijini. Watu wa Litowa wangeweza kusema jambo juu ya amri ile. Hawakuwapo tena wa kuulizwa.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao zilizo mbali na mkulima. Vyama vile vilikuwa na wezi wake, naam. Lakini pia vilikuwa na mkutano wa mwaka ambapo mkulima wa pamba alisimama akapiga kelele juu ya mizani. Ukivunja mkutano ule, mizani haiponi. Unakosa tu kelele.

Angalieni mfuatano wake. Kila mara kilichoondolewa kwanza ni mdomo ambao ungeleta habari ya hatua inayofuata. Balozi wa nyumba kumi aliyekuwa apeleke malalamiko juu sasa alisimama na karatasi ya kuwahesabu watu wanaohamishwa. Mtu hawezi kumlalamikia aliyekuja kumhesabu.

Iliwachukua viongozi miaka kadhaa. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kurudisha ushirika na serikali za mitaa, na Mwalimu Nyerere alikuja kusema hadharani kwamba kuvunja vitu vile viwili lilikuwa kosa. Wapo waliomcheka. Mimi naona kwamba kiongozi aliyesema hivyo akiwa bado madarakani alilifanyia taifa kazi kubwa kuliko hotuba nyingi za sherehe. Lakini vyama vilivyorudi havikuwa vile vilivyoondoka. Makarani waliojua vitabu walikuwa wamezeeka au wametawanyika, na imani ya mkulima hairudishwi kwa kifungu cha sheria.

Nitagusa jambo moja zaidi, kisha ninyamaze. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi kuuliza watu kama wanataka chama kimoja au vingi. Karibu watu 80 katika kila 100 walisema kimoja. Hata hivyo Tume ilishauri nchi iingie katika vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mpaka leo wapo wanaonung'unika, wakisema wengi walipuuzwa. Mimi nasema Tume ilijua kusikia. Iliona kwamba wale 20 hawataondoka, na kwamba ni afadhali kuwafungulia mlango mapema kuliko kungoja wauvunje. Jirani zetu kadhaa walingoja. Wengine mlango uliwaangukia.

Sasa juu yetu. Nimepitia madaftari ya mikutano mliyokuja nayo, si yote, machache. Katika daftari moja nimehesabu kurasa kumi na moja za mambo yaliyosemwa na viongozi, na mistari minne ya yaliyosemwa na wanachama. Ule mstari wa nne unasema, "Wanachama walishukuru." Sitalitaja tawi. Ninyi mwajua, na wenzenu hawana haki ya kucheka, maana yao yanafanana nalo.

Najua kwa nini katibu huandika hivyo. Akiandika kwamba vijana wameacha kuja mkutanoni, anaogopa ataulizwa amefanya kazi gani. Akiandika kwamba watu wanauliza fedha za mchango zilikwenda wapi, anaogopa aliye juu yake. Basi anaandika kwamba hali ni shwari. Wa wilaya anazikusanya shwari ishirini, anapeleka shwari moja kubwa mkoani. Huko juu wanakaa wanapanga mambo juu ya nchi isiyokuwapo. Katibu huyu mimi simlaumu peke yake. Nalaumu kwanza yule anayemwadhibu mleta habari mbaya, na katika chumba hiki wamo pia wa namna hiyo. Wamekaa safu ya mbele.

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo kabla ya chakula. Karani ana karatasi pale mezani. Kila katibu achukue moja, aandike mambo matatu ambayo watu wa tawi lake wanayasema wakiwa hawamwoni kiongozi. Msiandike jina lenu wala la tawi. Wekeni ndani ya kile kisanduku cha kura, maana tunacho. Saa nane mchana Mwenyekiti atazisoma zote kwa sauti, moja moja, na hakuna atakayeruhusiwa kujibu mpaka ya mwisho isomwe. Wenye kalamu wawaazime wasio nazo.